Wanasesere wa Inatori wanatufaa zaidi sisi watu wa sindano

Kila mwaka Machi 3 inapokaribia, picha za wanasesere wa Hinamatsuri, sikukuu ya Kijapani ya watoto wa kike, hujaa kwenye simu zetu: jukwaa la ngazi 7 lililotandikwa kitambaa chekundu, mfalme na malkia wamekaa juu kabisa, chini yao wajakazi 3 wa ikulu, kisha wanamuziki 5, hadi wanasesere watimie 15. Ni wazuri mno. Na sisi tunaoshona mifarishi midogo ya kutundika ukutani tunawakimbilia hao hao. Tunaweka uso mweupe, nywele nyeusi, kimono ya rangi tano sita, tunazungushia pindo, kazi imekwisha. Maoni yangu ni kwamba tunaanzia pasipotufaa. Kwa mtu wa sindano na viraka, hazina ya wanasesere wa Japani iko kwa akina mama ambao hawakuwa na uwezo wa kununua jukwaa hilo.

Niseme kwanza ninazungumzia kitu gani. Mfarishi wa sanaa una tabaka tatu kama mfarishi wa kitandani: kitambaa cha juu, pamba katikati, bitana chini, vyote vimeshikwa kwa mishono inayopenya. Tofauti ni kwamba huu haumfuniki mtu. Mingi ninayoshona haizidi ukubwa wa daftari la shule, na kwenye nafasi hiyo kila kiraka kinaonekana.

Sasa twende Inatori, mji wa wavuvi kwenye rasi ya Izu, mkoa wa Shizuoka. Tangu enzi ya Edo, iliyokoma mwaka 1868, wanasesere wa jukwaani walikuwa mali ya wenye nacho. Wengine walifanya nini mtoto wa kike alipozaliwa? Mama, bibi na majirani walikusanya mabaki ya kimono zilizochakaa, wakashona vitu vidogo vidogo, wakavijaza pamba, wakavitunga kwenye nyuzi nyekundu na kuvitundika. Kila kimoja kilipewa kazi. Tumbili mwekundu afukuze balaa. Tunda la pichi lizuie uovu na kumwombea mtoto umri mrefu. Pembetatu ni mfuko wa dawa, ili asiugue. Yanagawa, mkoani Fukuoka, wana desturi ya jamaa hiyo, na huko huongeza mipira iliyozungushiwa nyuzi za rangi. Sakata, mkoani Yamagata, huvitundika kwenye mwavuli.

Mimi nikitazama vitu hivi naona watu wa fani yangu. Hakuna fundi wa ikulu hapo. Kuna wanawake wamekaa na vitambaa vilivyobaki, wanaamua hiki kinatosha sikio na kile kinatosha jani. Hata wanasesere wa mbao wa kimekomi walianza hivyo: katika karne ya 18, kwenye hekalu la Kamigamo huko Kyoto, mabaki ya mbao yalichongwa yakavishwa mabaki ya nguo, kingo za kitambaa zikisukumiwa ndani ya mifereji iliyochanjwa kwenye mbao.

Tumbili ndiye anayenivutia kuliko wote. Mchukue sarubobo, tumbili wa kitambaa wa Takayama, mkoa wa Gifu, ambaye mabibi walikuwa wakiwashonea wajukuu. Ni mwekundu mwili mzima, na wekundu huo una sababu: watu waliamini rangi nyekundu humkinga mtoto na ndui. Mwili wake hutoka kwenye kipande kimoja cha mraba. Unakunja, unashona, na pembe nne zinakuwa mikono na miguu. Kichwa ni duara lililovutwa kwa uzi na kujazwa pamba. Hana macho, hana mdomo, hana pua, na hapo ndipo tunapopaswa kujifunza. Kwenye mfarishi wa ukubwa wa daftari, uso uliodariziwa unameza kila kitu. Mtazamaji anaangalia macho tu, haoni tena kitambaa wala mshono. Ukiuacha uso mtupu, jicho lake linatembea: linaona pindo, linaona mwelekeo wa maua, linaona jinsi mkono ulivyoinuliwa. Kwa hiyo nimeacha kabisa kuweka nyuso, na nawashauri wenzangu wajaribu.

Nara nako kuna jambo ambalo kila mshonaji angelipenda. Katika mtaa wa kale wa Naramachi, tumbili wekundu wa kitambaa hutundikwa kwenye ukingo wa paa mbele ya nyumba, na idadi yao hufuata idadi ya watu wa nyumba hiyo. Likija balaa, tumbili alibebe badala ya mtu. Nilimshonea dada yangu mfarishi kwa kufuata wazo hili, tumbili mmoja kwa kila mtu wa kwake, na shangazi alipoutazama aliwahesabu mmoja mmoja kabla hajasema neno. Ndicho ninachokitafuta. Mwanasesere wa Kijapani kwa asili yake ana kazi ya kufanya, na mfarishi unaoiga sura yake ukaisahau kazi hiyo unakuwa pambo lisilo na uhai.

Kuhusu kitambaa, wengi huko hutumia chirimen, hariri yenye mikunjo midogo inayofumwa Tango, kaskazini mwa Kyoto, tangu mwaka 1720. Nyuzi za mshindio husokotwa kwa nguvu sana. Kitambaa kikishafumwa na kuchemshwa, husinyaa na kutoa ule uso wa vinundu. Kinavutika, kinakubali kuzunguka kitu cha mviringo bila kukunjamana, na kinameza mshono usionekane. Kwa mfarishi, kipigie pasi kitambaa chembamba cha kubandika upande wa nyuma, la sivyo kitakuhama mkononi. Kikikosekana, krepu nyepesi inafaa. Kitenge kipya chenye nta ni kigumu mno kwa sehemu ndogo za mviringo. Kiweke nyuma au pembeni.

Kanga je? Naitumia bila kusitasita, na si kwa sababu ya uzalendo. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilichapishwa Japani na kuja huku kwa meli. Kanga kuukuu ya bibi, iliyolainika kwa kufuliwa, inakunjika chini ya ncha ya sindano vizuri kabisa, na pindo lake tayari linajua kuzunguka mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Nikiiweka kando ya tumbili wa Takayama sioni kama nimechanganya mambo yasiyohusiana.

Anayewataka mfalme na malkia wa jukwaani simkatazi. Ila aache zile picha zilizochapwa tayari kwenye kitambaa, za kukata na kushonea pindo tu. Hapo hajafanya kitu. Ajifunze oshie, picha za vitambaa vilivyotuniswa ambazo hupamba hagoita, vibao vya mchezo wa Kijapani wa Mwaka Mpya. Soko la vibao hivyo hufanyika kila Desemba 17 hadi 19 kwenye hekalu la Sensoji, Asakusa, Tokyo. Mchoro hukatwa vipande kwenye karatasi ngumu, kila kipande huwekewa pamba, huvikwa kitambaa, kingo hukunjwa na kugundishwa nyuma, halafu vyote hupangwa kimoja juu ya kingine hadi ukosi uinuke juu ya bega. Hiyo ni njia ya mtu wa kitambaa, na inahamia kwenye mfarishi bila shida.

Kuna wanaonishangaa ninapowagawia watu mifarishi hii badala ya kuilimbikiza kwa ajili ya maonyesho. Jibu langu liko Kada, mkoa wa Wakayama, ambako kwenye hekalu la Awashima wanasesere hupakiwa kwenye mashua Machi 3 na kupelekwa baharini, na liko Mochigase, mkoa wa Tottori, ambako wa karatasi huelea na mto wakichukua mikosi ya watoto. Waliwatengeneza kwa uangalifu, kisha wakawaachia waende. Watu hao hao wana siku ya kushukuru sindano: Februari 8, Sensoji na kwingineko, sindano zilizovunjika huchomekwa kwenye tofu laini, ile jibini ya soya, zipumzike baada ya kazi ngumu. Desturi hiyo naipenda kupita kiasi, na nadhani kila kikundi cha ushonaji kingefaidika nayo.

Jambo moja silikubali, nalo ni kuchukua bila kutaja. Wajapani walijifunza viraka vya Marekani wakavifanya vyao, hadi maonyesho makubwa ya mifarishi yakaanza kwenye uwanja wa Tokyo Dome mwaka 2002, na hawakuficha walikovitoa. Nasi tufanye hivyo. Nyuma ya kila mfarishi nashonea lebo ya kitambaa cheupe: tumbili wa Naramachi, Nara, pichi wa Inatori, Shizuoka, kanga ya nani, nimeshona mimi, mwaka fulani. Nikiona kazi isiyo na lebo ya namna hiyo kwenye mnada wa kikundi chetu, siinunui hata ikiwa nzuri kiasi gani.