Ramani za kugusa: Kisumu tuanzie ukutani au kwenye karatasi?

Majengo ya umma Kisumu yanazidi kwenda juu, na asiyeona bado huingia kwa kuuliza: "Askari, maabara iko wapi?" Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari. Ndiyo maana ramani za kugusa zinapigiwa debe: mchoro wa jengo wenye mistari iliyoinuka, unaosomwa kwa vidole.

Wanaotilia shaka wana hoja nzito. Mgeni asiyeona atajuaje ramani imebandikwa ukuta upi? Waliopofuka ukubwani, wengi hawakujifunza nukta nundu, yaani breli. Tena idara huhama. Duka la dawa la mwaka huu ni stoo mwaka ujao. Wanasema heri mhudumu mlangoni aliyefunzwa kumwongoza asiyeona.

Mhudumu huyo namtaka pia, lakini hatoshi. Anakufikisha mlango mmoja na kukuacha hapo, hujui choo kiko upande gani wala utokee wapi moto ukizuka. Ramani inakupa jengo zima kabla hujapiga hatua. Na asiyejua nukta nundu bado anaweza kufuata mstari wa korido kwa kidole, mradi aelezwe alama mara moja.

Ramani hizi zinapoharibika ni kwenye uchoraji. Mtu huchukua plani ya msanifu na kuinua kila kitu: unene wa kuta, madirisha, hata viti. Jicho huona mchoro wote kwa pamoja; ncha ya kidole hupata sehemu ndogo tu, kisha akili ikaunganisha. Mistari ikibanana, kidole hupotea. Ukuta uwe mstari mmoja, mlango uwe pengo, ngazi ziwe vistari sambamba, na alama ya "upo hapa" ichomoze kuliko zote.

Kwa hiyo ningeanza na karatasi, si ukuta. Ipo karatasi maalumu ambayo michoro yake ya wino mweusi huvimba ikipitishwa kwenye mashine ya joto. Idara ikihama, unachapa nyingine. Mtu anaisoma nyumbani, bila haraka, kabla ya siku ya kliniki. Shule ya wasioona ya Kibos iko papa hapa Kisumu: wanafunzi na walimu wake walipwe kuzijaribu rasimu ndani ya jengo lenyewe, na kila kona inayowapoteza ichorwe upya kabla kaunti haijalipia kibao cha chuma cha kubandika ukutani.