HD 600 au Sundara: unapata nini, unaacha nini

Mtu akitaka hedifoni za mgongo wazi za kusikilizia muziki nyumbani, na bajeti yake ni kati ya dola 200 na 400 za Marekani, ushauri atakaopewa huishia kwenye majina mawili: Sennheiser HD 600 na HiFiMan Sundara. HD 600 iko sokoni tangu 1997. Sundara ilikuja miongo miwili hivi baadaye, ikiwa na ufundi tofauti kabisa ndani yake. Wapenzi wa HD 600 wanasema hakuna hedifoni ya bei hiyo inayomtoa mwimbaji akiwa mzima kama ile. Wa Sundara wanajibu kwamba HD 600 imepitwa na wakati, haina besi, na muziki wake umebanana katikati ya kichwa. Pande zote mbili zina ukweli, ila kila upande unazungumzia muziki wake bila kuutaja, na mnunuzi anabaki njia panda.

Kwanza tuelewane kuhusu mgongo wazi. Nyuma ya kikombe kuna wavu tu, kwa hiyo sauti inayotoka nyuma ya spika ndogo ya ndani haigongi ukuta na kurudi sikioni. Ndiyo maana hedifoni za aina hii husikika kama zinapumua, na masikio hayachemki hata kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Gharama yake ni kwamba kelele huingia na muziki hutoka. Feni ikiwa kali, au mvua ikipiga bati, utaisikia karibu yote, na mkono utaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha salama kwa mtu mzima kuwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mwenye chumba chenye kelele za kudumu anunue za mgongo uliofungwa, maana ubishi wote unaofuata haumhusu.

Tofauti kubwa ya hizi mbili iko kwenye namna zinavyosukuma hewa. Ndani ya HD 600 kuna utando mdogo unaosukumwa na koili iliyogundishwa nyuma yake, sawa na spika ya kawaida ila ni ndogo. Mtetemo wake wa asili uko karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 100, na chini ya hapo nguvu huanza kupungua. Ukifika hezi 40 umeshapoteza desibeli kadhaa, na chini ya 30 kimebaki kivuli. Sundara ina utando mwembamba sana na mpana, uliochorwa njia za umeme juu yake, ukiwa katikati ya safu za sumaku. Utando wote husukumwa kwa pamoja, ndiyo maana besi yake hushuka karibu bila kupungua hadi hezi 30 na chini ya hapo, kwa sharti moja nitakalolirudia: pedi izibe vizuri kuzunguka sikio.

Sasa tuweke muziki. Chukua gitaa la besi la bendi ya dansi. Waya wake wa chini kabisa, usipobanwa, hulia kwenye hezi 41. Kwa karatasi HD 600 ingeonekana imeshindwa hapo, lakini masikioni haiko hivyo. Sehemu kubwa ya tunachokitambua kama gitaa la besi ni milio inayopanda juu ya ule wa msingi, hezi 82, 123 na kuendelea, na hapo HD 600 iko imara. Utafuata kila hatua ya mpigaji na utasikia kidole kinapoachia waya. Kinachokosekana ni uzito wa chini ya kidevu. Lakini weka amapiano, au bongo fleva ya sasa iliyochanganywa kwa ajili ya spika za klabu. Ule mdundo mzito unaoteleza kushuka hadi hezi 40 na kitu una milio michache juu yake, kwa hiyo mlio wa msingi ndio wenyewe muziki. HD 600 huugusa na kuuachia, wakati Sundara huubeba mpaka chini. Msikilizaji wa singeli na amapiano akiambiwa HD 600 ndiyo kipimo cha ukweli ana haki ya kukasirika, maana kwake sehemu ya wimbo imekatwa.

Upande wa sauti za kati hali inageuka. Kati ya hezi 200 na kilohezi 3 (yaani hezi 3,000) HD 600 imenyooka, haipandishi wala kushusha sauti yoyote, kuliko karibu kila hedifoni ya bei yake, na karibu na kilohezi 3 ina mwinuko mdogo unaomsogeza mwimbaji mbele. Hapo ndipo kuna sauti ya binadamu, fidla, akodioni, udi na miguso ya kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Taarabu ya kundi kubwa huonyesha jambo hili waziwazi: mwimbaji anaposhika neno la mwisho wa beti na kulivuta, fidla zikimjibu, HD 600 inakuonyesha pumzi inapoishia na upinde unapoanzia. Sundara ina bonde dogo kati ya kilohezi 1 na 2, yaani sauti za hapo hupungua kidogo. Bonde hilo humrudisha mwimbaji hatua moja nyuma, na ndilo linalochangia zile sifa za "upana" tunazozisoma: vyombo vinaonekana vimepewa nafasi kwa sababu aliyekuwa katikati amerudi nyuma. Mwenye kupenda okestra ataufurahia mpango huo, ila kwa taarabu na kwa zilipendwa naona ni hasara, kwa sababu muziki huo umejengwa juu ya maneno.

Hoja ya upana ina tundu jingine. Rekodi nyingi za zamani za bendi zetu zilizofanywa redioni, zikiwemo za Radio Tanzania Dar es Salaam, ni mono. Sauti ya kushoto na ya kulia ni ileile moja, na hedifoni haiwezi kutandaza kisichokuwepo. Kinachobaki kulinganisha ni rangi ya sauti tu, na hapo mvuto wa Sundara hupungua sana. Trebo yake, yaani sauti za juu, nayo ina nguvu kuanzia kilohezi 6 kwenda juu. Kwenye rekodi safi, kayamba na vibati vya rika (tari ndogo ya taarabu) hung'ara na gitaa la solo kwenye sebene hukata vizuri. Kwenye kanda iliyochakaa, au faili la MP3 lililobanwa kupita kiasi, utaletewa mkwaruzo wa kanda na herufi "s" zinazochoma. HD 600 husamehe zaidi, na ndugu yake HD 650 ya 2003, yenye trebo laini kidogo na joto zaidi chini, husamehe kuliko zote.

Kuna ubishi wa umeme, na huu ndio uliojaa maneno yasiyopimwa. Wengine husema ohmu 300 za HD 600 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haziwezekani bila amplifaya kubwa. Wengine husema Sundara, kwa sababu ya sumaku zake, ndiyo ngumu. Hesabu ni fupi. HD 600 hutoa desibeli 97 kwa miliwati 1. Sundara kwa vipimo vyake vya mwanzo hutoa 94, na ukinzani wake ni ohmu 37. Tuseme unataka vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa kuliko zote, vya desibeli 110, ambavyo tayari ni vikali sana. HD 600 inahitaji miliwati 20, ambazo ni volti 2.4 na miliampia 8. Sundara inahitaji miliwati 40, ambazo ni volti 1.2 na miliampia 33. Kwa hiyo moja inadai volti, nyingine inadai mkondo. Adapta ndogo ya USB-C ya kuchomeka hedifoni kwenye simu, inayotoa volti 1, itaipandisha HD 600 hadi vilele vya desibeli 102, na kwa usikilizaji wa kawaida hizo zinatosha. Sundara kwa volti hiyohiyo hufika 108, mradi adapta iweze kutoa miliampia 27 bila kukwama. Adapta dhaifu hushindwa hapo: sauti inakuwa kubwa lakini besi inapasuka kila mdundo unapoingia. Ukisikia hivyo usiilaumu hedifoni kabla ya kubadilisha adapta.

Amplifaya za zamani, na nyingi za valvu, zina ukinzani wa kutoka mkubwa, mara nyingine ohmu 120. HD 600 hubadilika ikichomekwa humo, kwa sababu ukinzani wake si ohmu 300 kila mahali. Karibu na hezi 100 hupanda kupita 500, na matokeo yake eneo hilo huongezeka kwa desibeli 1 hivi. Wapo wanaoipenda HD 600 kwa joto hilo hasa bila kujua linatoka kwenye amplifaya. Ukinzani wa Sundara haupandi wala kushuka kwa kadiri ya kuonekana, kwa hiyo rangi yake haibadiliki. Kinachopungua ni ukubwa wa sauti, na hupungua sana.

Wapo wanaosema mjadala wote huu ni bure kwa sababu programu ya ikwalaiza, ya kupandisha na kushusha sauti za masafa mbalimbali, hurekebisha kila kitu. Wana hoja nzito, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita tabia ya hedifoni ni wingi wa kila masafa, na wingi unarekebishika. Bonde la Sundara hujazwa kwa desibeli 2 kwenye kilohezi 1.6, kwa Q (upana wa eneo linaloguswa) ya 1 hivi, na mwimbaji anarudi mbele. Lakini besi ya HD 600 ni kazi ngumu zaidi. Ukiinua kila kilicho chini ya hezi 80 kwa desibeli 6, lazima kwanza ushushe sauti yote kwa desibeli 6 ili faili lisigonge dari na kupasuka. Ile adapta ya volti 1 sasa inakupa vilele vya desibeli 96 tu katika sehemu nyingine za muziki, na kwenye rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ndogo utaona sauti haitoshi. Tena utando mdogo ukilazimishwa kusukuma hewa nyingi chini ya hezi 40 huanza kuchafua sauti, na besi inakuwa na ukungu. Desibeli 3 au 4 zinavumilika. Zaidi ya hapo unakilazimisha kifaa kufanya kazi ambayo Sundara huifanya bila jasho.

Nirudi kwenye pedi, maana hapa watu wengi hupata hukumu isiyo sahihi. Besi ya hedifoni yoyote hutegemea muhuri kati ya pedi na ngozi. Miwani yenye mikono minene, nywele zilizosukwa nene juu ya sikio, au ushungi wa mikunjo mingi huacha upenyo, na besi ya chini ndiyo ya kwanza kuondoka. Vikombe vya Sundara haviwezi kuzunguka kushoto na kulia kufuata umbo la taya. Mtu mwenye taya nyembamba hubaki na mwanya chini ya ndewe, kisha anaandika kwamba Sundara haina besi. Jaribio lake ni rahisi: cheza mlio wa hezi 40, kisha kwa vidole viwili bonyeza vikombe taratibu kuelekea kichwani. Sauti ikiongezeka sana, muhuri haujakamilika. Anayevaa ushungi apitishe tabaka moja jembamba lililonyooka chini ya pedi, mikunjo ibaki nyuma ya kikombe. HD 600 ikiwa mpya hubana kichwa sana, na mbano huo, ingawa unaudhi, huisaidia kuziba. Uzito nao uhesabiwe: gramu 260 kwa HD 600, 372 kwa Sundara. Baada ya saa mbili tofauti hiyo utaisikia utosini.

Mwenye bajeti ndogo atakutana pia na Beyerdynamic DT 990 Pro ya ohmu 250. Ina besi ya kupendeza, lakini ina kilele kikali karibu na kilohezi 8 ambacho kwenye nyimbo za sauti za kike hugeuka kisu. Bila ikwalaiza siipendekezi kwa taarabu hata kidogo, na waya wake hauchomoki. HD 560S ya Sennheiser ya 2020, yenye ohmu 120, ni njia ya kati: besi hushuka zaidi ya HD 600, upana upo, adapta yoyote ya kawaida inaimudu, ila sauti za kati hazina ule utulivu.

Kwa anayesikiliza zaidi taarabu, dansi la zamani, kwaya na rumba ya sauti, ningemwambia achukue HD 600 bila kusitasita, au HD 650 akiipata kwa bei nzuri. Kwa anayesikiliza bongo fleva, amapiano na muziki wa kompyuta, na chumba chake kimetulia, achukue Sundara na ajaze lile bonde kwa ikwalaiza. Mwenye mchanganyiko sawa wa vyote ndiye mwenye uamuzi mgumu. Naye ningemwelekeza kwenye Sundara kwa sababu ya kiufundi tu: kasoro yake hurekebishika kwa desibeli 2, ya HD 600 haimaliziki.

Ukishapokea, yoyote kati ya hizo, ifanyie jaribio kabla muda wa kurudisha haujaisha. Badili faili kuwa mono, cheza mlio wa hezi 40, kisha 100, kisha kilohezi 1, na usikilize kama mlio unakaa katikati. Ukivutwa upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto iwe kulia. Mlio ukihama pamoja na hedifoni, tatizo ni la hedifoni au la adapta. Ukibaki palepale, ni sikio lako. Kama umehama, jaribu adapta nyingine na uhamishe waya wa kushoto kulia na wa kulia kushoto kabla ya kuirudisha, kwa sababu kwenye HD 600 pini mbili zinazoingia kwenye kikombe hulegea na upande mmoja huzimika. Pedi zibadilishwe zikishalala, na pwani kwenye unyevu na jasho hulala mapema. Pedi iliyolala husogeza sikio karibu na utando na kubadilisha sauti za juu na besi, na mwenyewe huzoea pole pole bila kugundua. Shika pedi ya zamani ubavuni mwa mpya: kama ya zamani imebaki nusu ya unene, hedifoni unayoisikiliza si ile uliyoinunua.