Mahari Mubashara, Intaneti ya Kusukuma

Ukoo wetu una mtu mmoja tu wa mambo ya mtandao, na mtu huyo ni mimi, kisa niliwahi kumwondolea Baba Mkubwa matangazo kwenye simu yake. Cheo hiki hakina mshahara. Kina lawama tu.

Juzi Jumamosi tulipokea washenga hapa Tabata, mambo ya mahari ya mdogo wangu. Shangazi yupo Houston, na kwetu shangazi ndiye mwenye sauti. Bahasha haipokelewi hivi hivi bila yeye kuiona. Agizo likaja: "Mwanangu, rusha mubashara, niwaone kwa macho yangu." Haya, shikamoo Shangazi. Nikaenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikanunua stendi ya simu kwa hela yangu.

Sasa hawa wauza intaneti, jamani! Wakinadi vifurushi wanakutajia kasi ya kushusha tu. Ya kupandisha, ambayo ndiyo inayoitoa picha sebuleni na kuipeleka kwa Shangazi, wananyamaza nayo mpaka uipime mwenyewe uone aibu. Picha ya 720p, yaani ya ubora wa kuridhisha tu, inataka megabiti kama 3 kwa sekunde, mfululizo, bila kuyumba. Yangu ilipanda hadi 1 kama mgonjwa anayepandishwa ngazi. Na ni megabiti hizo, siyo megabaiti; baiti moja ni biti 8. Gawa kwa 8 ndipo ulie vizuri.

Hapo wageni bado. Mgeni wa Dar siku hizi hajanawa mikono ameshauliza, "Nywila ya waifai?" Ukimnyima una roho mbaya. Ukimpa, simu yake inaanza kupandisha mawinguni picha zote alizopiga tangu Pasaka, kwa njia ile ile ninayoitegemea mimi.

Nikaitundika ruta kwenye nondo za dirisha kwa mtandio wa mama, maana kuta hizi zinakula mawimbi. Nikashusha picha mpaka 360p. Kwa ubora huo, kofia ya mshenga na kichwa chake vikawa kitu kimoja.

Saa 10 jioni, kwao Houston asubuhi, tukaanza. Shangazi hakuridhika kutazama tu. Akampigia Baba Mkubwa simu ya kawaida, ikawekwa spika. Balaa likaanzia hapo. Kwenye simu, sauti inafika papo hapo. Video ya mubashara inakatwa vipande, vinapandishwa, vinapangwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya huko mtandaoni, ndipo mtazamaji anavishusha. Mtandao ukiwa mzima unachelewa sekunde kadhaa. Huu wetu ulikuwa nyuma karibu dakika nzima na unazidi kubaki. Kwa hiyo masikio ya Shangazi yako Tabata, macho yake bado yako njiani.

Washenga wakaomba wapunguziwe, Baba Mkubwa akaridhia, vigelegele vikapigwa. Spika ikauliza:

"Mnashangilia nini? Mbona namwona mshenga anakunywa soda?"

"Tumeshaelewana, dada."

"Mmeelewana na nani? Hajafungua hata mdomo!"

Tukaendelea. Dua ikasomwa, pilau likapakuliwa, mara spika ikalipuka: "Msikubali! Huyo mwenye kofia aongeze, binti yetu amesoma!" Mwenye kofia alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini taratibu, akauliza kwa adabu, "Samahani wazee, kuna awamu ya pili?" Sebule nzima ikanigeukia mimi, utadhani mahari nilipunguza mimi!

Kisha picha ikaganda. Na haikuganda kwa bibi aliyekaa vizuri na ushungi wake, hapana. Iliganda kwa Mjomba, mdomo wazi, paja la kuku likiwa safarini. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Shangazi akapata muda wa kutosha wa kuipiga picha skrini yake na kuituma kwenye grupu la ukoo: "Ndiyo maana mmekubali haraka." Umeme wenyewe, siku niliyouhitaji ukatike nipate kisingizio, uliwaka mpaka asubuhi.

Sasa kuna sendofu mwezi ujao. Shangazi ameagiza kamera mbili na picha "isiyo na ukungu." Kamati imekaa, bajeti imetoka: ukumbi, mapambo, keki, MC, hadi hela ya soda za wapiga tarumbeta ipo. Nikatafuta mstari wa intaneti. Upo, mwisho kabisa, umeandikwa: "Kijana atajua."