Mhitimu wa Juzi Ana Lipi la Kutuambia?

Vyuo vingi siku hizi vina utaratibu wa kuwaita wahitimu wao wa karibuni, waliomaliza mwaka juzi au miaka minne iliyopita, waje kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hawalipwi, wanajitolea. Wengine huja ana kwa ana, wengine kwa video, wengine huandika kurasa mbili tatu tu: nilipomaliza nilikwenda wapi, niliishije, nilijikwaa wapi, ninyi fanyeni hivi. Na kila utaratibu huu unapoanzishwa, lawama ni ile ile: mtoto huyu ameona nini hata atufundishe?

Lawama hiyo ina mashiko. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mtu wa miaka 24 bado hajaishi kwingi. Hajawahi kuachishwa kazi huku ana watoto wa kulisha, na hajui kama uamuzi aliofanya mwaka jana ulikuwa wa busara au alibahatisha. Wanaopinga huongeza kwamba vijana wanapenda kujionyesha, na kwamba chuo chenyewe huwatumia kama tangazo la bure: picha yenye tabasamu, jina la mwajiri, nembo ya chuo pembeni. Kisha kuna hoja iliyo nzito kuliko zote, kwamba wanaoitwa ni wale waliofanikiwa tu. Hiyo nitaifikia baadaye, maana ndiyo inayonisumbua kweli. Lakini hii ya umri nadhani inapimwa kwa mizani isiyo yake.

Mtu aliyeingia kazini miaka 25 iliyopita anajua mengi kuhusu kazi. Kuhusu kuingia kazini anajua kidogo, na hicho kidogo kimechakaa. Yeye alipeleka barua kwa mkono au kwa posta. Leo maombi hujazwa kwenye tovuti, na mara nyingi huchujwa na programu kabla binadamu hajayaona. Usaili wa kwanza unaweza kuwa wa kujirekodi ukijibu maswali yanayojitokeza kwenye skrini, sekunde zikihesabiwa, pasipo mtu upande wa pili. Mhitimu wa mwaka juzi amepita hapo. Anajua kwamba ukitazama sura yako mwenyewe badala ya kamera utaonekana umeinamisha macho. Anajua kwamba kazi ya majaribio iliyoandikwa kuwa ya saa mbili inakula siku nzima, na kwamba barua pepe ya kukukataa inaweza isije kabisa. Utasubiri mpaka uelewe mwenyewe. Ni maarifa madogo yasiyo na fahari, nayo huharibika upesi. Miaka sita ijayo huenda yasimfae mtu. Kwa hiyo anayeyatoa hana budi kuwa mtu aliyetoka huko jana, na hapo ujana wake ndio sifa yake.

Kuna na suala la kusahau. Mwaka 1989 wachumi Colin Camerer, George Loewenstein na Martin Weber waliandika kuhusu walichokiita laana ya ujuzi: mtu akishajua jambo hushindwa kujirudisha katika hali ya asiyelijua, hata pale ambapo kushindwa huko kunamgharimu. Wahenga walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa mwenye shibe ni yule yule aliyekuwa na njaa zamani. Mkurugenzi anayewaambia wanafunzi kwamba "nilihangaika kidogo mwanzoni" hawadanganyi. Hicho kidogo ndicho kilichobaki kichwani mwake.

Kijana bado anakumbuka. Anakumbuka asubuhi ya Jumatatu ya kwanza isiyo na ratiba, baada ya miaka zaidi ya 15 ya kuambiwa uwe wapi saa ngapi. Wenzake wametawanyika, kundi la WhatsApp la darasa linazidi kunyamaza, na nyumbani kila jioni kuna swali lile lile. Hata anapopata kazi, mshahara huja mwisho wa mwezi ilhali nauli, nguo za kazini na pango vinataka fedha kabla yake. Mambo haya hayamo kwenye mtaala wowote, na mtu mzima aliyekwisha kuyavuka huyaona kama mapito tu. Kwa anayeyaishi, ndiyo maisha yenyewe.

Sasa niseme kuhusu utafiti mmoja ambao siachi kuurudia. Mwaka 2014 Nicole Stephens, MarYam Hamedani na Mesmin Destin walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanafunzi wapya walikaa kwa takriban saa moja wakiwasikiliza waliowatangulia chuoni wakisimulia walivyoishi na walivyomudu masomo. Wasikilizaji waligawanywa makundi mawili, lakini waliosimulia walikuwa wale wale. Kwa kundi la kwanza, msimulizi alifungamanisha ushauri wake na alikotoka: kwa mfano, kwamba wazazi wake hawakusoma chuo, hivyo hawakuweza kumsaidia kuchagua masomo, ikambidi amtegemee mshauri wa chuo kuliko wenzake walivyomtegemea. Kundi la pili lilipewa ushauri mtupu: hudhuria vipindi, usipoelewa kamwone mhadhiri. Mwisho wa mwaka, pengo la alama kati ya wanafunzi ambao wazazi wao hawakusoma chuo na wale ambao wazazi wao walisoma lilikuwa dogo kwa asilimia 63 katika kundi la kwanza kuliko katika la pili. Wale wa familia zisizo na wasomi walikuwa pia wameanza kwenda kutafuta msaada chuoni zaidi ya wenzao wa kundi la pili.

Asilimia 63, kwa saa moja ya masimulizi. Takwimu hii inanivutia na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Waliohusika hawakufika 200, chuo kilikuwa kimoja, tena cha wanafunzi waliochujwa sana, na wasikilizaji walikuwa wanaingia chuoni, si wanaotoka. Walio na haraka wataibandika tarakimu hiyo kwenye bango la kila jukwaa la wahitimu, kana kwamba kumsikiliza kaka aliyetangulia ni dawa ya kila kitu. Haisemi hivyo.

Lakini tazama kilicholinganishwa. Makundi yote mawili yalipata ushauri, tena kutoka vinywa vile vile. Kilichotofautiana ni kama msikilizaji alijua msemaji alisimama wapi alipofanya aliyoyafanya. Chukua ushauri wa kawaida kabisa, "tuma maombi kila siku, usichoke." Akiusema kijana aliyekuwa analala kwao, anakula kwao, intaneti ipo na hakuna anayemtegemea, maana yake ni moja. Akiusema aliyekuwa akifanya vibarua mchana ili atume chochote kwa wadogo zake, akijaza fomu saa sita usiku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ni ushauri mwingine kabisa, japo maneno ni hayo hayo. Msikilizaji anahitaji kujua ni yupi kati ya hao anayefanana naye. Ushauri ukikosa asili yake ni kama dawa isiyoandikwa kipimo. Na mhitimu wa juzi anaweza kuieleza asili hiyo kwa usahihi, kwa sababu bado yumo ndani yake. Ya mzee mara nyingi imekwisha kusuguliwa ikawa hadithi ya "nilitoka bila kitu".

Hapa ndipo bahati inapoingia, na hapa wanaowatilia shaka vijana huwa wanajipinga wenyewe. Wanasema kijana hajui kama alifanikiwa kwa akili au kwa bahati. Kweli, ila mzee naye hajui. Amekuwa tu na muda mrefu zaidi wa kuipa bahati yake jina la juhudi. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz walichapisha mwaka 2012 uchunguzi kuhusu wahitimu wa Kanada. Waliomaliza chuo wakati uchumi umedorora walianza na kipato kilichopungua kwa karibu asilimia 9, na pengo hilo lilichukua kama miaka 10 kufifia. Waliokuwa na sifa za kulipwa kidogo tangu mwanzo waliumia zaidi. Mtu hachagui mwaka wa kuhitimu. Anayesimama mbele ya wanafunzi baada ya miaka 20 haonyeshi mwaka wake wa kuhitimu. Umefunikwa na vyeo. Lakini waweke pamoja wahitimu watatu wa idara moja, wa miaka mitatu tofauti iliyofuatana. Mmoja aliitwa kazini kabla ya mahafali, mwingine alisota miezi 14, na alama zao zinakaribiana. Mwanafunzi atajionea kwamba si kila kucheleweshwa ni uzembe. Hilo huwezi kulipata kwa mgeni rasmi mmoja.

Suala la koneksheni ni fupi. Inasemwa kijana wa miaka miwili kazini hana uwezo wa kumwajiri mtu. Hana, lakini anajua nafasi ipi itatangazwa na nani anayesoma maombi. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, alionyesha kwamba kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, wasiofika asilimia 17 walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walimwona kwa nadra au mara moja moja. Mtu wa mbali kidogo husikia ambayo rafiki wa karibu hasikii. Mhitimu wa chuo chako uliyemsikia mara moja ukumbini ni mtu wa namna hiyo hasa.

Nakuja kwenye ile hoja nzito. Wanaoitwa ni wenye kazi. Chuo hakimwaliki aliyekaa miaka mitatu bila ajira, na yeye hajitokezi. Matokeo yake jukwaa zima linazungumza kutoka upande mmoja wa mlango, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba waliofanya hivi walifaulu, bila kujua ni wangapi walifanya hivyo hivyo wakakwama. Mtetezi wa utaratibu huu, nami nimo, hawezi kuikwepa hoja hii kwa kusema vijana ni wakweli. Ukweli wa mmoja mmoja hautibu uteuzi uliopinda. Nakubali pia kwamba hapa vijana hawana nafuu yoyote juu ya wazee. Pengine wao ndio hatari zaidi, kwa vile msikilizaji huona wanafanana naye na kuwaamini haraka.

Tiba yake, nadhani, ni kumwita na yule aliyekwama. Yeye ndiye mwenye taarifa adimu: ni matangazo gani ya kazi ni hewa, ni kozi zipi za ziada alizolipia zikamla fedha bure, alipunguza matarajio yake lini na kwa nini. Na kuna sababu ya pili. Lauren Eskreis-Winkler na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio lililohusisha karibu wanafunzi 2,000 wa sekondari nchini Marekani. Walioombwa watumie dakika chache kuwashauri wanafunzi wadogo kuliko wao kuhusu masomo walipata wenyewe alama bora kidogo kuliko ambao hawakuombwa. Faida ilikuwa ndogo, na ya wanafunzi wa sekondari. Ila inanifanya nijiulize kwa nini nafasi ya kushauri hupewa daima yule asiyeihitaji. Kijana ambaye kwa miaka miwili amekuwa akishauriwa na kila shangazi na kila jirani, siku moja kuulizwa yeye anajua nini lingekuwa jambo.

Wengi watakataa, na wana haki. Kusimama mbele ya watu useme sina kazi si jambo jepesi, kwa hiyo awepo anayetaka kutuma sauti bila jina, au kuandika. Arudishiwe nauli angalau. Kujitolea kusiwe kulipia. Picha yake isipelekwe kwenye kipeperushi. Chuo kinachohofia kwamba kauli yake itafukuza waombaji wapya kieleze kwanza kinawaita wahitimu kwa ajili ya nani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho au wazazi wanaotafuta pa kumpeleka mtoto.

Ile lawama ya umri nayo ina jibu jepesi kuliko mabishano tunayoyafanya. Aliyezungumza mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu aitwe tena mwaka wa tatu, kisha wa sita. Kabla hajaanza, wanafunzi wasikilizishwe aliyoyasema mara ya kwanza. Kisha aseme lipi kati ya hayo bado analishikilia, lipi anaona aibu kulisikia, na lipi ambalo kumbe lilikuwa bahati tu.