Dawa zipo kliniki, nani atamfuata mgonjwa nyumbani?

Hapa England matibabu ya VVU ni bure, na tangu Oktoba 2012 hata asiye na makaratasi anatibiwa bila kulipa. Nashukuru sana kwa hilo. Lakini nimewaona Waafrika wenzangu wakikwepa kupima kwa hofu kwamba kliniki itawaripoti Uhamiaji. Aliyewatoa hofu si daktari. Ni kina mama wa vikundi vyetu vya Waafrika, waliokaa nao, wakala nao, wakawasindikiza hadi mlangoni.

Nyumbani Tanzania kazi hiyo ina historia ndefu. Mashirika ya kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI yalitangulia: WAMATA ilianza 1989, PASADA ya Kanisa Katoliki 1992, ilhali ARV, dawa za kufubaza virusi, za bure za serikali zilikuja 2004. Miaka yote hiyo ya katikati, wagonjwa waliuguzwa na watu wa mtaani na wa makanisani. Dawa zilipofika, hao ndio waliojua nani anaumwa na amelala nyumba ipi.

Shangazi yangu, Tanga, ni mmoja wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao; ameniruhusu nimtaje. Mteja akikosa tarehe yake ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, shangazi anapewa jina. Haendi na faili wala fulana yenye maandishi. Anajifunga kanga, anashika kikapu, anapiga hodi na kuzungumzia kikoba mpaka mawifi waondoke. Ndipo anauliza taratibu: "Mwanangu, vidonge vimekuishia lini?" Mara nyingi anakuta ni nauli tu. Au mume hajui, na kopo la dawa limefukiwa kwenye debe la unga, halifikiki watu wakiwepo. Kompyuta ya kliniki inaonyesha neno moja: mtoro.

Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, posho yake ilikatika. Kliniki yao dawa zilikuwepo. Shangazi aliendelea kwa miguu kwa walio karibu. Wa vijiji vya mbali hakuweza kuwafikia.

Hili linaniuma, kwa sababu tumezoea kuona kazi hii kama hisani ya mfadhili. Ni matibabu kamili, sawa na kupima wingi wa virusi. Hapa Uingereza halmashauri huingia mikataba na vikundi vya jamii na kuvilipa. Halmashauri zetu Tanzania nazo ziweke posho na nauli za washauri kwenye bajeti, na Mfuko wa UKIMWI tulionao uchangie. Sisi wa ughaibuni, tunaochangia harusi kila mwezi, tuanze na nauli za vijiji vya mbali wakati madiwani wanajadili.