Mwezi? Mimi nahesabu kwa siku

Miaka michache nyuma nilipata kibarua cha udadisi. Unapewa kishikwambi, fulana na orodha ya kaya, unaanza kupiga hodi. Buguruni, Dar es Salaam, nikamkuta mama lishe anageuza wali. Swali likasema: kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi? Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Mwanangu, mwezi naujua wa kodi ya chumba tu. Mimi nahesabu kwa siku, na jana mvua ilinyesha."

Kishikwambi hakikubali kusonga bila namba. Nikachukua mauzo ya juzi, nikatoa mkaa na mchele kwa kukisia, nikazidisha kwa siku 26 za kazi, nikabonyeza endelea. Namba ile sasa imo ndani ya wastani fulani, na mwenyewe nikisoma wastani wa aina hiyo gazetini huwa natabasamu vibaya.

Utafiti nauamini lakini, hasa ule unaokaa na watu muda mrefu. Kuanzia 1967, watumishi wa serikali wapatao 18,000, wote wanaume, walifuatiliwa London. Kila mmoja alikuwa na ajira, na nchi yao ilishaanza matibabu ya bure tangu 1948. Hata hivyo matarishi na mabawabu walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wao. Sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kwamba asiye na sauti juu ya kazi yake hupatwa zaidi na ugonjwa wa moyo.

Sasa njoo kwetu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Dar es Salaam na vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Ukishazingatia umri, Dar ilikuwa na takribani 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Kiharusi mara nyingi huletwa na presha, na bado mtaani tunasema presha ni ugonjwa wa wenye vitambi.

Ndiyo maana mjadala wa Bima ya Afya kwa Wote unaniacha nusu njia. Sheria ya 2023 naiunga mkono, na wanaoibeza wengi wao wana kadi mfukoni. Ila kadi haimpi mama yule asubuhi. Anaamka saa 10 usiku, saa 12 chai na maandazi, saa 6 mchana wali. Kliniki ya presha nayo ni asubuhi: foleni ya faili, foleni ya daktari, foleni ya dirisha la dawa. Akirudi saa 8, wateja wameshakula kwingine na deni la mkaa liko palepale. Basi anasubiri mpaka kichwa kigonge.

Mtoza ushuru anamfikia mpaka mezani kwake, na risiti anamwachia. Muuguzi mwenye kipimo cha kubeba mkononi anashindwa nini? Ningeanzia sokoni, kwa ratiba ya sokoni, saa 9 alasiri vyombo vikioshwa.

Dodoso lilikuwa na swali la mwisho: umewahi kupimwa presha? Akajifuta mikono kwenye kanga, akakunja mkono wa gauni.

"Nyie si ndio wa serikali? Nipime basi."

Kwenye mkoba nilikuwa na kishikwambi, pawabenki na chupa ya maji.