Chokaa au saruji: ukuta wa Mji Mkongwe unataka nini?

Masika yakipita, mzozo uleule hurudi Mji Mkongwe, Unguja. Lipu imebanduka, mwenye nyumba anataka saruji, wahifadhi wanamtaka atumie chokaa. Wengi huamini chokaa ni matakwa ya watalii na UNESCO, iliyouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hapo wahifadhi wanaonewa.

Nyumba hizi ni za matumbawe, jiwe jepesi lenye vitundu, lililoshikanishwa kwa chokaa na udongo katika kuta nene. Ukuta huo hunywa maji: ya mvua kutoka juu, na ya ardhini yenye chumvi kutoka chini. Dawa yake ni kuyaacha yatoke, na chokaa huyapitisha yakakaushwa na upepo. Saruji huyafungia ndani. Kwa nje ukuta unaonekana umepona. Nyuma ya lipu chumvi inagandamana na kulisaga jiwe. Lipu ikija kudondoka, huondoka na ngozi ya ukuta.

Hasara inayonikosesha raha zaidi ni ya boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na ndiyo iliyofanya vyumba viwe vyembamba, mita 3 hivi, maana mti wenyewe haufiki mbali. Ncha zake zimezikwa ukutani. Ukuta ukikaa na majimaji, ncha huoza mahali asipopaona mtu, na juu yake imelala sakafu nzito ya mawe na chokaa, na juu ya sakafu wamelala watoto. Beit al-Ajaib, jumba kubwa la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu 2 wakafariki. Tukio hilo siitwishi saruji, ila uzito wa majengo haya tuliuona kwa macho.

Wanaotaka saruji nao si wajinga. Ipo kila duka na hukauka upesi. Chokaa hutaka wiki kadhaa na fundi anayeijua, na familia ya vyumba viwili haina pa kuhamia. Kuchoma matumbawe ili kupata chokaa nako hula kuni nyingi. Tena nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mpangaji hawezi kubebeshwa gharama ya ukuta usio wake. Kumkataza saruji bila kumwekea chokaa iliyo tayari, kwa bei anayoiweza mtu wa mitaa ya hapa kama Malindi au Kiponda, ni kumwachia ukuta wazi mpaka masika mengine.